Muuguzi Anajibu: Mwalimu, Wewe Ndiwe Uliye Karibu

Barua za walimu zimerundikana mezani pangu tangu shule zifunguliwe, na nyingi zinauliza jambo lile lile kwa njia tofauti. Basi mwezi huu ukurasa wote nimewaachia wao, pamoja na mwanafunzi mmoja ambaye barua yake imenifurahisha kuliko zote.

*Kwako Muuguzi, salamu nyingi. Mimi ni mwalimu wa sekondari msingi huku Kayole. Muhula uliopita, wakati wa michezo, msichana wa Gredi ya Nane alianguka uwanjani. Tulikimbia pale walimu kadhaa. Mmoja akammwagia maji, mwingine akampepea kwa daftari, mwingine akaenda kutafuta gari. Mimi nilimshika mkono nikawa naita jina lake. Baada ya muda mfupi akafumbua macho. Kumbe hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana yake. Wenzangu walicheka kwa kutua mzigo, mimi sikuweza. Nilisoma huduma ya kwanza chuoni, lakini ninachokumbuka ni kufunga bendeji tu. Je, kama moyo wake ungekuwa umesimama? Na nikijaribu CPR, yaani kumkandamiza kifua na kumpulizia hewa, nikakosea, si nitamuua? — Mwalimu, Kayole*

Mwalimu, naanza na hilo swali lako la mwisho, maana ndiyo hofu inayofunga mikono ya watu wengi. Mtu ambaye moyo wake umesimama hana hali mbaya zaidi ya hiyo unayoweza kumtia. Waweza kumvunja ubavu, ndiyo. Hata sisi hospitalini tunavunja, na ubavu huunga. Ikitokea umemkandamiza mtu ambaye moyo wake bado unapiga, mara nyingi atalia au atasukuma mikono yako, nawe utaacha, na madhara makubwa ni nadra. Kinachoua ni ule mduara ulioueleza: watu wazima wamesimama, maji, daftari, gari, na hakuna hata mmoja aliyetazama kama kifua cha mtoto kinapanda na kushuka.

Sisemi hivi kuwalaumu. Mimi hufanya zamu katika chumba cha dharura cha hospitali ya umma upande huu wa Eastlands, Nairobi, na ninaona watoto wanavyofika. Wanafika kwa boda, mtoto amebanwa katikati ya dereva na mwalimu, kichwa kinaning'inia. Wanafika kwa probox, amelazwa juu ya mapaja ya watu watatu. Watu hao wamekimbia kwa moyo wao wote, jasho linawatoka, wengine viatu vimebaki njiani. Lakini nikiuliza, "Nani alikuwa anamkandamiza kifua?" wananitazama tu. Ubongo usiopata damu huanza kuharibika ndani ya dakika 4 hadi 6. Hebu fikiria Barabara ya Outer Ring jioni, magari yamesimama kuanzia Donholm. Dakika hizo zinaishia hapo hapo uwanjani, kabla gari halijapatikana. Ndiyo maana nasema tiba ya kwanza ya mtoto yule ni wewe, na mahali pake ni pale alipoanguka.

Sasa utajuaje kwamba ni moyo na si kuzimia kwa njaa? Mguse mabega yote mawili kwa nguvu, mwite kwa sauti. Kisha tazama kifua na tumbo kwa muda usiozidi sekunde 10. Aliyezimia anapumua kama kawaida, na akilala chali huzinduka upesi. Huyo mlegeze tai, mwinue miguu, watu wampe nafasi. Ambaye haamki na hapumui, au anavuta pumzi moja moja ya kutweta kama samaki aliyetolewa majini, huyo moyo wake umesimama. Hizo pumzi za kutweta ndizo zinazowadanganya watu wengi. Wanasema, "Bado anapumua," wanamwacha, na zile dakika zinakwisha. Tena usipoteze muda kupapasa mshipa wa shingoni. Hata wenye mafunzo hukosea hapo, sembuse mtu ambaye mikono inamtetemeka.

Mwelekeze mtu mmoja kwa jina apige simu. Ukisema tu "Pigeni simu!" kila mtu atadhani mwenzake anapiga. Namba ni 999 au 112, na Msalaba Mwekundu wa Kenya wana 1199 ambayo haina malipo. Simu iwekwe spika, chini, kando yako.

Mlaze chali mahali pagumu, kwenye ardhi au sakafu, si kwenye godoro la chumba cha wagonjwa. Piga magoti karibu na bega lake. Kitako cha kiganja chako kikae katikati ya kifua, kwenye nusu ya chini ya ule mfupa wa kidari, juu kidogo ya pale mbavu zinapokutana. Mkono wa pili uje juu ya wa kwanza. Nyoosha viwiko, sogea mbele hadi mabega yako yawe juu kabisa ya mikono, kisha acha uzito wa mwili ufanye kazi. Wengi hukunja viwiko na kusukuma kwa misuli ya mikono. Baada ya nusu dakika wamechoka na kifua hakijaingia popote. Kwa mtu mzima na kijana wa Gredi ya Nane kifua kiingie sentimita 5, kisipite 6. Kwa mtoto mdogo ni theluthi moja ya unene wa kifua, na mkono mmoja waweza kutosha. Kila ukikandamiza, achia kirudi juu kabisa, maana moyo hujaa damu wakati wa kuachia.

Mwendo ni mara 100 hadi 120 kwa dakika. Hapa nina ushauri nilioupata kwa kuwatazama walimu ninaowafundisha Jumamosi. Wanaanza vizuri, moja, mbili, tatu, wakishapita kumi mwendo unalegea, kwa sababu "ishirini na saba" haitoshei ndani ya kandamizo moja. Kwa hiyo hesabu moja hadi kumi, mara tatu, kwa sauti. Hizo ni 30. Zikichukua kati ya sekunde 15 na 18 kwa saa ya ukutani, uko sawasawa.

Baada ya 30, pumzi mbili. Inua kidevu chake ili njia ya hewa ifunguke, ziba pua, funika mdomo wake kwa wako, puliza taratibu kwa sekunde moja mpaka uone kifua kinapanda. Rudia. Kisha rudi kifuani mara moja. Watu wengi wameona kwenye video za simu kwamba siku hizi ni kukandamiza tu bila kupuliza, na kwa mtu mzima aliyeanguka ghafla hilo latosha. Lakini watoto wengi moyo husimama kwa sababu pumzi ndiyo iliyokatika kwanza: amezama majini, amekabwa na chakula, pumu imembana. Mtoto huyo anahitaji hewa. Ukishindwa kabisa kupuliza, kandamiza tu. Ni bora mno kuliko kusimama tu.

Na msifanye mmoja peke yake hadi akaishiwa. Mpokeane kila dakika 2, upesi, bila kifua kukaa kikiwa hakina mikono. Mkiwa wengi kama siku ile, mna nguvu za kutosha kumfikisha mtoto mpaka ambulensi ifike.

*Kwa Muuguzi. Mimi ni mwalimu wa kiume, Kasarani. Nimefundishwa CPR na ninaijua. Ila nakuambia ukweli, akianguka msichana sijui kama nitathubutu kuweka mikono kifuani mwake mbele ya shule nzima. Siku hizi mwalimu anaharibiwa jina kwa picha moja tu ya simu.*

Ndugu yangu, hofu hii si yako peke yako wala si ya Kasarani peke yake. Utafiti mmoja wa Marekani wa 2017 ulionyesha kwamba moyo ukisimama mahali pa watu wengi, wanaume 45 katika kila 100 walipata mtu wa kuwakandamiza kifua, lakini wanawake walikuwa 39. Huenda sababu moja ni kwamba watu wanaogopa kuwagusa. Sitaki wasichana wetu waingie katika hesabu hiyo.

Mahali pa mikono ni kwenye mfupa, katikati. Ukiweka kitako cha kiganja pale na vidole umeviinua, hakuna mtu mwenye akili atakayeliona kuwa jambo jingine. Sweta na shati usihangaike kuvivua, kandamiza juu yake. Mwite mwalimu wa kike aje apige magoti upande wa pili, ashike kichwa na pumzi, lakini usimngoje ndipo uanze. Mwalimu mwingine awageuze wanafunzi, awapeleke upande mwingine wa uwanja, na simu zote zishuke chini. Hilo ni jambo la heshima kwa mtoto hata kama hakuna anayekutuhumu. Jioni hiyo hiyo, andika kwenye kitabu cha matukio: saa ngapi alianguka, nani alianza, nani alipokea, ambulensi ilifika saa ngapi. Mwalimu mkuu atie sahihi.

Zaidi ya yote, zungumzeni haya kwenye kikao cha walimu kabla hayajatokea, wakiwepo wawakilishi wa wazazi. Mzazi aliyeelezwa mapema kwamba walimu wa shule hii wataweka mikono kifuani mwa mtoto wake ili aishi, nijuavyo mimi, atakushukuru hapo hapo kwenye kikao.

*Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya binafsi Embakasi. Bodi imetenga fedha kidogo za usalama. Tununue ile mashine ya kushtua moyo, au tupeleke walimu wawili wakafunzwe? Vyeti tulivyo navyo ni vya 2019.*

Mwalimu mkuu, kwanza nakupongeza kwa kuuliza. Jibu langu ni: funza watu kwanza, tena si wawili.

Ukifunza wawili, mmoja atahama na mwingine atakuwa kwenye semina siku mtoto atakapoanguka. Funza walimu wote, na usimsahau bawabu, mpishi na dereva wa basi la shule. Bawabu yuko langoni kila siku. Dereva ana watoto wako garini asubuhi na jioni bila mwalimu mwenye cheti. Msalaba Mwekundu wa Kenya na St John Ambulance, ambao wamekuwa hapa nchini tangu 1928, wote hutoa mafunzo, na wanaweza kuja shuleni kwenu siku ya likizo mkakubaliana bei ya kikundi.

Cheti cha 2019 kilichowekwa kwenye fremu hakitakusaidia. Ujuzi wa mikono huu hufifia ndani ya miezi 3 hadi 6, hata kwa wauguzi. Kwa hiyo baada ya mafunzo, tenga dakika kumi kila mwanzo wa muhula, walimu wakiwa chumba chao, kila mmoja akandamize kwa dakika 2 huku mwenzake akitazama saa. Mdoli wa mafunzo ndio bora, kwa sababu una springi ndani; mingine hutoa mlio wa "tak" ukifikia kina kinachotakiwa, na mtu akishausikia mara chache mikono yake inajua. Mdoli wa kwanza wa namna hii ulitengenezwa 1960 na Asmund Laerdal, mtengeneza vitu vya kuchezea watoto wa huko Norway, mwaka ule ule ambao Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker wa Baltimore, Marekani, walichapisha maelezo ya kuukandamiza moyo kutoka nje ya kifua. Kouwenhoven mwenyewe alikuwa mhandisi wa umeme. Nalitaja hili kwa sababu walimu huniambia, "Hayo ni ya madaktari." Tangu mwanzo halikuwa la madaktari peke yao. Mkikosa mdoli, mto mgumu wa kochi uliowekwa sakafuni utafaa kwa kuzoea mwendo na kunyoosha viwiko, ingawa hautawafundisha kina.

Mashine sikatai. Moyo uliopoteza mpigo wake kwa namna fulani hauwezi kurudi bila kushtuliwa, na kila dakika inayopita bila CPR wala mshtuo hupunguza nafasi ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Mashine yenyewe huongea na kukuelekeza. Lakini haiwezi kupiga magoti. Fedha zikipatikana mwaka ujao, inunueni, na mjue betri na zile pedi zake zina tarehe ya kuisha. Ikae ukutani mahali pa wazi. Nimeingia katika shule moja ambako kisanduku cha huduma ya kwanza kilikuwa kizuri, kipya, kimejaa, kimefungwa kwa kufuli, na ufunguo alikuwa nao naibu aliyekwenda mkutanoni mjini. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka kisanduku kiwe mahali kinapofikika kwa urahisi. Kufuli hilo livunjeni leo.

Jambo moja ambalo halihitaji hata shilingi: andikeni kwenye karatasi jinsi ya kufika shuleni kwenu, mbandike karibu na simu ya ofisi. Stejini gani, baada ya kanisa lipi, lango lina rangi gani. Mtu mwenye hofu husahau hata jina la barabara anayopita kila siku. Simu ikishapigwa, bawabu afungue lango kubwa, na mtu mwingine asimame barabarani kuipungia ambulensi. Nimezungumza na madereva wa ambulensi waliozunguka mtaa mzima wakitafuta lango.

*Mwanafunzi wangu ana kifafa. Akianguka wenzake hukimbilia kijiko. Je, huyu naye afanyiwe CPR? — Mwalimu, Eastleigh*

Hapana, si wakati anapotikisika. Kijiko kiondoeni kabisa. Kitamvunja meno, na ulimi haumezwi. Ondoa madawati karibu naye, weka sweta chini ya kichwa, tazama saa. Usimshike kwa nguvu. Akitulia mlaze kwa ubavu, uangalie pumzi zake. Zikiwapo, kaa naye. Kukipita dakika 5 bado anatikisika, au akitulia kisha hapumui kawaida, piga simu. Na huyo asiyepumua, anza kumkandamiza kifua. Kumbuka pia kwamba moyo ukisimama ghafla mtu anaweza kutikisika kidogo kwa sekunde chache, kwa hiyo kila mtikisiko ukiisha, tazama kifua.

*Tulimfikisha mtoto hospitali ya binafsi iliyo karibu, wakadai amana kabla ya kumgusa. Tungefanyaje? — Mwalimu wa zamu, Umoja*

Katiba ya Kenya, Kifungu cha 43(2), inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 inasisitiza hivyo hivyo. Yataje hayo mlangoni kwa sauti na kwa heshima, uombe kuonana na msimamizi wa zamu. Bili itazungumzwa baada ya mtoto kupumua. Nami nasema kama muuguzi: mwenzangu anayemngojesha mtoto asiyepumua kwa sababu ya risiti hana cha kujitetea.

*Shikamoo Muuguzi. Niko Kidato cha Tatu, Buruburu. Babu yangu alianguka sebuleni tukamwangalia tu mpaka akafariki. Nilimwambia mwalimu wetu nataka kujifunza CPR, akasema hayo ni ya watu wazima. Ni kweli?*

Marahaba mwanangu. Pole sana kwa babu. Hukufundishwa, na hakuna aliye na haki ya kukudai kitu ambacho hakukupa.

Si kweli kwamba ni ya watu wazima. Shirika la Afya Duniani liliunga mkono mwaka 2015 wito wa kuwafundisha watoto wa shule kuanzia miaka 12, saa 2 kila mwaka. Nchi ya Denmark iliweka mafunzo haya shuleni kwa sheria mwaka 2005, pamoja na hatua nyingine nyingi, na kati ya 2001 na 2010 waliosaidiwa na watu wa kawaida kabla ya ambulensi kufika waliongezeka kutoka karibu 21 hadi karibu 45 katika kila 100. Waliokuwa hai siku 30 baadaye waliongezeka karibu mara tatu. Huenda ulimwona Christian Eriksen, mchezaji mpira wa Denmark, alipoanguka uwanjani Copenhagen, Juni 2021. Alikandamizwa kifua na kushtuliwa moyo pale pale kwenye nyasi, na leo yu hai, alirudi hata kucheza. Sisi wa Afrika tunamkumbuka Marc-Vivien Foé, mchezaji mpira wa Kamerun, aliyeanguka Lyon mwaka 2003 na hakuamka.

Huenda unajiuliza kama una nguvu. Kijana wa umri wako ana uzito wa kutosha kukandamiza kifua cha mtu mzima akinyoosha viwiko vyake. Anza na mto mgumu sakafuni na saa ya simu: moja hadi kumi, mara tatu, sekunde 15 hadi 18. Lakini usimkandamize mwenzako aliye mzima kwa mazoezi, hata kwa utani, maana utamuumiza. Kama shuleni kwenu kuna Skauti au klabu ya Msalaba Mwekundu, jiunge wiki hii. Kama hakuna, mpe mwalimu wako ukurasa huu na umwambie aniandikie kupitia gazeti. Akinipa ukumbi na Jumamosi moja, nitakuja na mdoli wangu, na yeye awe wa kwanza kupiga magoti.